Nahodha Aliyecheleweshwa: Maisha ya Frank Worrell

Wanachuo wenzangu, mtu ninayetaka kuwasimulia leo alikuwa mchezaji wa kriketi. Najua wapo watakaotaka kufunua ukurasa unaofuata. Subirini kwanza. Mimi mwenyewe natoka Biharamulo, na kule kwetu hata kiwanja cha kriketi sijawahi kukiona. Kwetu mchezo ni mpira wa miguu, basi. Ila jioni ya wikiendi ukipita kwenye vibanda umiza vya Biharamulo mjini, utakuta mabishano ni ya aina mbili tu. Moja, refa katuonea. Mbili, yule jamaa kitambaa cha unahodha kapewa kwa lipi?

Huwa tunayachukua haya kama mabishano mawili tofauti. Nimekuja kuona kwamba ni ndugu wa tumbo moja, na aliyenionyesha hivyo ni mtu aliyefariki mwaka 1967, Sir Frank Worrell wa Barbados.

Nilimfikia kwa njia ya mzunguko. Mwaka wa kwanza karibu kila mtu hapa anasomeshwa Walter Rodney, yule Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwanza mwaka 1966 hadi 1967, kisha 1969 hadi 1974. Ukimfuatilia Rodney nyuma kidogo, unamkuta London akihudhuria darasa la nyumbani la mzee mmoja wa Trinidad, C.L.R. James, mwandishi wa historia ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti. Ukimfuatilia James sasa, unakutana na kitu cha ajabu: mwanamapinduzi huyu alikuwa pia mwandishi wa kriketi, na moja ya vita vikubwa alivyopigana kwa kalamu yake ilikuwa kumtaka Frank Worrell awe nahodha. Nikajiuliza, unahodha wa mchezo tu ndio wa kumshughulisha mtu wa uzito huo? Nikaanza kusoma.

Kwa wasioujua mchezo, nieleze kwa ufupi. Timu mbili, wachezaji kumi na mmoja kila upande. Mrushaji anarusha mpira mgumu kuelekea vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini, yaani wiketi. Mpigaji anazilinda kwa gongo lake, na akiupiga mpira mbali anakimbia na mwenzake kubadilishana pande. Kila wakibadilishana ni mkimbio mmoja. Ukiangusha wiketi yake, au ukiudaka mpira kabla haujagusa chini, au ukimkuta hajafika wakati anakimbia, ametoka. Mechi kubwa kabisa za nchi kwa nchi huitwa Testi, na huchezwa siku hadi tano. Uwanjani kuna waamuzi wawili, na zamani zile hapakuwa na kamera ya kuwasaidia. Mwamuzi akiinua kidole, umetoka. Asipoinua, hujatoka. Nahodha naye si pambo kama wakati mwingine kwenye mpira wa miguu. Ndiye anayepanga nani arushe, nani asimame wapi, lini timu iache kupiga ili wapinzani waingie. Kwa siku tano yeye ndiye kocha aliye ndani ya uwanja.

Frank Mortimer Maglinne Worrell alizaliwa tarehe 1 Agosti 1924, parokia ya St Michael, kisiwani Barbados. Tarehe hiyo ina uzito wake, kwa kuwa ni 1 Agosti 1834 ndipo sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kufanya kazi katika makoloni ya Uingereza. Barbados ni kisiwa kidogo. Wilaya yetu ya Biharamulo peke yake inakizidi mara nyingi kwa ukubwa. Kilijengwa kwa miwa na kwa jasho la Waafrika walioletwa kwa nguvu kuilima. Miaka tisini baada ya utumwa, rangi ya ngozi bado iliamua mambo mengi, hata klabu ya kuchezea. Wanderers ilikuwa klabu ya Wazungu wenye nacho. Spartan ilikuwa ya machotara wenye kazi za kisomi. Empire ilikuwa ya Weusi. Worrell alikulia karibu na uwanja wa Empire, akilelewa na bibi yake, na huko ndiko alikochezea.

Kwa kipaji hakuwa na mpinzani wa kumtisha. Alisoma shule ya Combermere na akiwa bado kijana mdogo akaingia timu ya Barbados, kwanza kama mrushaji. Msimu wa 1943-44, dhidi ya Trinidad, yeye na John Goddard waliongeza mikimbio 502 pasipo yeyote kati yao kutolewa. Worrell peke yake alipata 308. Miaka miwili baadaye, dhidi ya Trinidad hao hao, yeye na Clyde Walcott wakaongeza 574, tena bila kutolewa. Pamoja na Everton Weekes, vijana hawa watatu, wote wa parokia moja na wote majina yao yakianza na W, ndio uti wa mgongo wa timu ya West Indies iliyofuata.

Nieleze hapa kwamba West Indies si nchi. Ni timu ya visiwa vingi vya Karibi pamoja na Guyana, makoloni ya Uingereza ya wakati ule, vilivyocheza kama kitu kimoja. Wakati Worrell anaanza Testi mwaka 1948, timu hiyo ilikuwa na miaka 20 ya kucheza Testi, na nahodha karibu siku zote alikuwa mtu mweupe au mweupe wa kuhesabiwa. Mwaka huo huo wa 1948 George Headley, mpigaji bora kuliko wote waliomtangulia, aliongoza mechi moja, akawa Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Moja tu. Fikra iliyotawala ni kwamba Mweusi anaweza kupiga, anaweza kurusha, anaweza kukimbia mchana kutwa juani, lakini kuongoza ni kazi ya wengine. Haikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Ilifanyika tu, mwaka baada ya mwaka, hadi ikaonekana kama hali ya hewa.

Worrell hakuwa mtu wa kupiga kelele, ila hakuwa pia mtu wa kukubali kila kitu. Timu ilipokwenda India msimu wa 1948-49 yeye hakuwamo, baada ya kutoelewana na bodi kuhusu malipo. Alikwenda zake Uingereza, akawa mchezaji wa kulipwa wa klabu ya Radcliffe huko Lancashire. Mwaka 1950 West Indies walifika Uingereza na kushinda mfululizo wa Testi kwa 3-1, ushindi wao wa kwanza kabisa katika ardhi hiyo. Katika mfululizo huo Worrell alipata mikimbio 539, ikiwemo 261 katika mechi moja ya Nottingham. Kwa mtu yeyote mwenye macho, nahodha alikuwa ameshapatikana. Hakupewa.

Sasa hapa ndipo aliponivutia mimi kama mwanachuo. Mtu huyu, tayari nyota wa dunia, aliingia Chuo Kikuu cha Manchester akiwa mtu mzima, akasoma hadi akapata shahada. Timu ilipokwenda India na Pakistan msimu wa 1958-59, yeye alikuwa kwenye vitabu. Wengine sisi tukipata bumu tu, kipindi cha saa mbili asubuhi kinakuwa kazi ngumu.

Wakati yeye anasoma, unahodha ulikuwa kwa Franz Alexander, ambaye wengi walimwita Gerry, Mjamaika mweupe aliyesoma Cambridge. Tumtendee haki Alexander: alikuwa mlinda wiketi mzuri na mtu wa nidhamu. Ila alipewa timu akiwa na uzoefu mdogo mno wa Testi, akawekwa juu ya watu waliokuwa wakicheza ngazi hiyo kwa miaka kumi. C.L.R. James alirudi Trinidad mwaka 1958 baada ya kukaa ng'ambo miaka mingi, akapewa uhariri wa gazeti la chama kilichokuwa kikipigania kujitawala. Hoja aliyoijenga humo ilikuwa nyepesi. Nchi zinajiandaa kujitawala. Itakuwaje watu waaminiwe kuongoza serikali na wasiaminiwe kuongoza wachezaji kumi na mmoja? Aliandika wazi kwamba Alexander aondoke na Worrell achukue nafasi.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo halimpendezeshi Worrell, maana maisha ya mtu si risala ya kumsifu. Mwaka 1959 alikubali kupeleka timu ya Weusi Afrika Kusini ya ubaguzi, ikacheze na timu za wasio Wazungu peke yake. James aliunga mkono, akiamini kwamba dunia ingeona uwezo wa wachezaji waliofichwa. Learie Constantine, mchezaji mkongwe wa Trinidad, alipinga. Ndani ya Afrika Kusini kwenyewe wanaharakati wa michezo walipinga pia, kwamba kwenda ni kuubariki utaratibu wa kutenganisha watu. Mwaka huo huo, tarehe 26 Juni, Julius Nyerere alikuwa London pamoja na Padri Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuja kuwa Askofu wa Masasi, wakizungumza kwenye mkutano ulioanzisha harakati za kususia bidhaa za Afrika Kusini. Ziara ya Worrell ilifutwa. Naona Nyerere na wale wapinzani ndio walioona mbali. Lakini nawaomba mzingatie kwamba mtu anaweza kuwa upande wa haki katika jambo moja na akapishana nayo katika jingine, na bado tukajifunza kwake.

Twende sasa Port of Spain, Trinidad, tarehe 30 Januari 1960. Hii ndiyo siku ambayo mashabiki wa kriketi wamebishana juu yake hadi leo. West Indies wanacheza na Uingereza, Testi ya pili, siku ya tatu. Alexander ndiye nahodha. Worrell amerudi kutoka masomoni na yumo timuni kama mchezaji wa kawaida, ingawa katika Testi ya kwanza kule Barbados amepiga mikimbio 197 bila kutolewa. Uwanjani wamejaa watu karibu 30,000. West Indies wanaporomoka. Anaingia Charran Singh, kijana wa hapo hapo Trinidad, Testi yake ya kwanza. Anakimbia, mpira unarushwa, anakutwa hajafika. Mwamuzi Lee Kow, naye mtu wa hapo hapo, anainua kidole. Mikimbio 98, wametoka wanane. Chupa zikaanza kuruka. Kwanza chache, halafu mvua ya chupa, kisha watu wakamiminika kiwanjani. Mchezo ukavunjwa kwa siku ile. Uingereza walikuja kushinda mechi hiyo, na kwa mechi hiyo moja wakashinda mfululizo wote.

Jambo lenyewe ni hili: Singh alikuwa ametoka kweli. Hakuwa karibu hata kidogo. Waliokuwepo, akiwemo James aliyekuwa mtetezi wa umma, hawakumlaumu mwamuzi. Sasa kama uamuzi ulikuwa sahihi, na mwamuzi alikuwa mwenyeji, chupa zile zilikuwa za nani?

Jibu la James ndilo lililonifanya niandike makala hii. Aliona kwamba watu hawakuwa wakimrushia chupa Lee Kow. Kwa muda mrefu walikuwa wameamini kwamba mambo ya mchezo wao yanapangwa na watu wasiowajali, juu ya vichwa vyao, na unahodha ulikuwa ushahidi wanaoutazama kila siku ya mechi. Ukishaamini kwamba wenye mamlaka ni wa upande mwingine, hata uamuzi sahihi unaunusa harufu ya hila. Kidole cha mwamuzi kilikuwa njiti ya kiberiti, ila petroli ilimwagwa na wengine, tena zamani.

Baadaye mwaka huo Worrell alitangazwa nahodha wa safari ya Australia. Alikuwa na miaka 36, umri ambao wachezaji wengi wanafikiria kustaafu. Alikuwa Mweusi wa kwanza kukabidhiwa timu kwa mfululizo mzima.

Testi ya kwanza ilichezwa Brisbane, tarehe 9 hadi 14 Desemba 1960. Siku ya mwisho, ova ya mwisho, yaani mipira minane kwa utaratibu wa Australia wa wakati ule, Australia walihitaji mikimbio sita na walikuwa na watu watatu wa kutoa. Mrushaji ni Wes Hall, jitu la miraba minne lenye mbio za treni. Mpira wa pili, nahodha wa Australia, Richie Benaud, akadakwa. Kisha mpira mmoja ukapaa juu, Hall mwenyewe akauendea na kuuangusha. Wakapiga mwingine, wakakimbia miwili, wa tatu Conrad Hunte akaurudisha mpira kutoka mbali na Wally Grout akatolewa. Mikimbio sasa sawa kwa sawa. Mpira wa saba ukapigwa, wakakimbia. Joe Solomon akauokota pembeni, mahali anapoona kijiti kimoja tu, akarusha. Akakipata. Mwamuzi akainua kidole, Ian Meckiff ametoka. Sare kamili ya mikimbio, timu zote mbili zimekwisha. Katika karibu Testi mia tano zilizotangulia, kitu hicho hakijawahi kutokea.

Alexander alikuwepo pale, nyuma ya wiketi. Hili napenda litiliwe mkazo. Aliyevuliwa unahodha alikubali kuwa msaidizi wa aliyechukua nafasi yake, na katika mfululizo ule alikuwa na wastani bora wa upigaji kuliko wenzake wote wa West Indies. Hakununa wala hakuunda kundi. Nawaza serikali zetu za wanafunzi, jinsi aliyeshindwa uchaguzi anavyopotea kwenye vikao kama moshi.

Kazi kubwa ya Worrell ilikuwa ya kimyakimya. Wachezaji wa visiwa walizoea kukaa kikwao kwao: Wabarbados huku, Wajamaika kule, Watrinidad kwao. Sisi tunaojua mambo ya mtu wa Kagera kukaa na mtu wa Kagera tangu siku ya kwanza ya usajili, tunaelewa. Worrell aliwafanya watu hawa timu moja, na wakacheza wakijiamini.

Halafu ukaja mtihani. Testi ya nne, Adelaide, Januari 1961. Mfululizo uko moja kwa moja. West Indies wanamhitaji mtu mmoja tu wa mwisho washinde. Anayerusha ni Worrell mwenyewe. Ken Mackay anaupiga, Garfield Sobers anaudaka karibu kabisa na gongo. Wachezaji wanaanza kutoka kiwanjani wakijua wameshinda. Mwamuzi Egar anasema hapana, mpira uligusa chini kwanza. Worrell anarudi mahali pake, anaendelea kurusha. Mackay na Lindsay Kline wakasimama zaidi ya saa moja na nusu, muda ukaisha, mechi ikawa suluhu.

Testi ya tano, Melbourne, Februari. Watazamaji siku moja walifika 90,800, rekodi ya dunia ya Testi kwa wakati ule. Mfululizo bado moja kwa moja. Australia wanahitaji mikimbio minne tu kushinda. Grout anaupiga mpira, wanakimbia miwili, na kile kijiti kidogo kinacholala juu ya wiketi kinaonekana kimeanguka. Kama kilianguka kwa mpira au kwa gongo, ametoka. Waamuzi wakashauriana, wakasema hajatoka, mikimbio inahesabiwa. Australia wakashinda, mfululizo ukaisha 2-1.

Maamuzi mawili mazito, katika mechi mbili zilizofuatana, yote dhidi ya wageni. Yangegeuzwa hayo, huenda kombe lingekwenda Karibi. Sasa linganisheni na Port of Spain mwaka mmoja kabla. Kule uamuzi sahihi ulizaa vurugu. Huku maamuzi ya kubishaniwa yalizaa nini? Timu ya West Indies iliagwa Melbourne kwa kupitishwa barabarani katika magari ya wazi, na watu wa Australia walijaa pembeni kuwashangilia walioshindwa. Ndipo likatengenezwa kombe lenye mpira wa ile mechi ya sare, likapewa jina la Worrell akiwa bado hai na bado anacheza. Hadi leo Australia na West Indies wanalishindania. Wa kwanza kukabidhiwa alikuwa Benaud, na aliyemkabidhi ni Worrell mwenyewe.

Mtu atasema, ndugu mwandishi, unatufundisha kunyenyekea. Tukionewa tukae kimya, siyo? Hapana. Tazameni maisha yake yote. Bodi ilipomlipa pungufu ya thamani yake, hakwenda. Mwamuzi alipompa uamuzi mchungu, alirudi kurusha. Aliona tofauti ambayo sisi tunaipoteza kila siku. Mwamuzi uwanjani anaamua kwa sekunde moja, kwa macho mawili ya kibinadamu, bila nafasi ya kupanga. Bodi inakaa mezani, inakunywa chai, ina miezi ya kutafakari, na bado inamruka anayestahili. Wa kwanza anastahili uvumilivu. Wa pili anastahili kudaiwa, kuandikiwa na kusumbuliwa hadi abadilike. Sisi tunafanya kinyume: refa tunamtukana hadi mama yake, kamati tunaiacha ilale salama.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa mafupi. Machi 1962 India walikuwa Karibi, na nahodha wao Nari Contractor akapigwa kichwani na mpira huko Barbados, akawa kati ya kufa na kupona. Worrell alikuwa miongoni mwa waliojitolea damu. Kule Kolkata hadi leo wanafanya siku ya kuchangia damu kwa jina lake kila tarehe 3 Februari. Mwaka 1963 aliongoza timu Uingereza na kushinda 3-1. Katika Testi ya Lord's, dakika za mwisho kabisa, akiwa na umri wa miaka 38, aliuokota mpira na badala ya kuurusha ovyo akakimbia nao, akashindana mbio na Derek Shackleton hadi kwenye wiketi, akamtoa. Kisha akastaafu. Mechi 15 za unahodha: alishinda tisa, alipoteza tatu, mbili suluhu, na ile moja ya sare ya Brisbane.

Baada ya hapo alirudi mahali ambapo sisi tunapafahamu: chuoni. Alikuwa mlezi wa bweni la wanafunzi, Irvine Hall, Chuo Kikuu cha West Indies kule Jamaika, na baadaye akawa mkuu wa wanafunzi kampasi ya Trinidad. Alikuwa seneta pia, na mwaka 1964 alipewa cheo cha Sir. Hebu fikirieni, unagongewa mlango wa chumba kwa sababu ya jiko la umeme lisiloruhusiwa, na anayegonga ni Frank Worrell.

Alifariki Kingston tarehe 13 Machi 1967 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 42 tu. London walimfanyia ibada ya kumbukumbu katika kanisa la Westminster Abbey, heshima ambayo mwanamichezo yeyote hakuwahi kuipata kabla yake. Alizikwa ndani ya kampasi ya chuo kikuu, Cave Hill, Barbados. Sura yake iko kwenye noti ya dola tano ya nchi hiyo.

Shirikisho la kisiasa la visiwa vile lilianzishwa 1958 na kuvunjika 1962. Timu ya kriketi haikuvunjika. Sisi Afrika Mashariki nasi tuliwahi kuwa na timu moja ya kriketi. Juni 1975, Kombe la Dunia la kwanza, timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ikiongozwa na Harilal Shah, ilicheza Uingereza. Ilipoteza mechi zote tatu. Kombe lilikwenda West Indies. Miaka miwili baadaye Jumuiya yetu ya kwanza nayo ikavunjika. Sisemi kriketi ingeiokoa. Nasema watu wa visiwa vile walikuwa na kitu kimoja cha pamoja walichokijali kiasi cha kupigania kiongozwe na anayestahili.

Mimi nasomea ualimu. Mwakani huenda nikapangiwa shule yoyote, pengine huko huko kwetu, Biharamulo au Ngara. Siku ya kwanza nitapewa filimbi nichezeshe mechi ya madarasa, na siku ya pili nitaombwa nipendekeze viranja. Ile filimbi haina shida. Nitakosea, wanafunzi watazomea, tutaendelea. Wasiwasi wangu uko kwenye orodha ya viranja. Humo ndimo mtoto wa mkulima anayejua kuongoza anaweza kurukwa kwa ajili ya mtoto wa mtu fulani, wenzake wakaona, wakanyamaza, na miaka mitatu baadaye chupa ya kwanza ikaruka kwa sababu ya penalti iliyokuwa halali kabisa.